Umri wa Mzabibu: Garnacha Kongwe na Historia ya Ardhi ya Priorat

Utangulizi

Kusini mwa Catalonia, katika mkoa wa Tarragona nchini Hispania, kuna eneo dogo la milima liitwalo Priorat. Huko hutengenezwa mvinyo mwekundu unaotokana na zabibu aina ya Garnacha, ambayo Wafaransa huiita Grenache. Mvinyo wa shamba moja la huko, L'Ermita, karibu na kijiji cha Gratallops, ni miongoni mwa mvinyo wa bei ya juu kabisa nchini Hispania. Wauzaji wanapotetea bei hiyo, jambo wanalolitanguliza ni umri. Mizabibu ile, wanasema, ilipandwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mizizi yake imezama katikati ya mwamba. Mazao yake ni machache, na kwa sababu hiyo mvinyo wake ni maridadi.

Maelezo hayo ni ya kweli, lakini kwa mwanafunzi wa historia hayatoshi. Mzabibu ni mmea wa shambani, si mti wa msituni. Mwenye shamba anaweza kuung'oa mwaka wowote anapoona haumlipi. Ukikuta mzabibu wenye miaka mia moja, maana yake ni kwamba kwa miaka mia moja watu fulani waliamua kuuacha, au walishindwa kuung'oa. Kwa hiyo swali la insha hii ni hili: kwa nini mizabibu mikongwe ya Garnacha bado ipo?

Hoja yangu ni kwamba umri wa mzabibu haukuwa na maana moja katika historia ya Catalonia. Kwa mkulima mpangaji wa karne ya 18 na ya 19, umri wa mzabibu ulikuwa haki ya kukaa kwenye ardhi. Kwa maofisa wa kilimo wa miaka ya 1980, ulikuwa hasara iliyopaswa kuondolewa kwa fidia. Kwa soko la leo, umri ni bei. Nitazifuata maana hizo tatu kwa mpangilio wa wakati, na mwishoni nitauliza ni nani aliyelipia uzee wa mizabibu hiyo na ni nani anayeuvuna.

Zabibu yenyewe

Kabla ya kuingia katika historia, ni vizuri kuifahamu zabibu hii. Wataalamu wengi huamini kwamba chimbuko lake ni kaskazini mashariki mwa Hispania, katika eneo la Aragón. Wenyeji wa kisiwa cha Sardinia, Italia, ambao huiita Cannonau, nao hudai kuwa ni yao. Ufalme wa Aragón ulianza kuitawala Sardinia katika karne ya 14 na kuishikilia kwa muda mrefu, kwa hiyo si ajabu kwamba pande zote mbili zina mzabibu mmoja.

Garnacha ni mmea wa watu wenye ardhi ngumu. Huvumilia ukame na upepo mkali. Shina lake ni gumu na husimama lenyewe bila nguzo wala nyaya. Mkulima hulipogoa likawa kichaka kifupi chenye matawi yaliyoinuka kama kikombe. Huchelewa kuiva, na wakati inaiva hukusanya sukari nyingi, ambayo baadaye hugeuka kuwa kileo kingi. Kwa upande mwingine, ngozi ya tunda lake ni nyembamba, rangi yake si nzito, na mvinyo wake huharibiwa upesi na hewa.

Tabia hizi zinaeleza sifa zake mbili zinazopingana. Mzabibu mchanga wa Garnacha uliopandwa kwenye udongo wenye rutuba na maji hutoa mashada mengi na mvinyo mwepesi usio na ladha ya kukumbukwa. Mzabibu mkongwe kwenye udongo maskini hutoa mashada machache yenye tunda dogo. Hapo ndipo hupatikana mvinyo ambao wataalamu huuita maridadi: rangi yake si nyeusi, harufu yake ni ya matunda mekundu na majani makavu ya milimani, ukakasi wake ni laini, na kileo chake, hata kikiwa juu, hakiunguzi koo. Zabibu ni ileile moja. Kinachotofautiana ni ardhi, umri na uamuzi wa binadamu.

Watawa na mlima

Jina Priorat linatokana na cheo cha mkuu wa watawa. Mwishoni mwa karne ya 12, watawa wa shirika la Wakartusi walitoka Provence, kusini mwa Ufaransa, wakajenga monasteri chini ya milima ya Montsant. Mwaka unaotajwa kwa kawaida ni 1194. Masimulizi ya wenyeji husema kwamba mchungaji mmoja aliwaona malaika wakipanda mbinguni kwa ngazi iliyosimama juu ya msonobari, na ndiyo maana monasteri iliitwa Scala Dei, yaani Ngazi ya Mungu. Vijiji vilivyoizunguka viliwekwa chini ya mamlaka ya mkuu wa monasteri, naye alikusanya sehemu ya mavuno yao.

Watawa hawa waliendeleza kilimo cha mizabibu kwenye miteremko ambayo nafaka isingestawi. Udongo wa huko, ambao wenyeji huuita llicorella, si udongo kwa maana tuliyoizoea. Ni mawe meusi na ya rangi ya kutu yanayopasuka vipande bapa mithili ya vigae. Maji ya mvua hupita kati ya vipande hivyo na mizizi huyafuata chini. Mteremko ni mkali kiasi kwamba hadi leo baadhi ya mashamba hulimwa kwa nyumbu.

Mnamo 1835 serikali ya kiliberali ya Hispania ilianza kufunga nyumba za watawa, na mali zao ziliuzwa katika mpango unaohusishwa na waziri Juan Álvarez Mendizábal. Watawa wa Scala Dei waliondoka, monasteri ikaporwa na kubaki magofu. Utawala wa monasteri, uliodumu zaidi ya miaka 600, ukaisha. Lakini mtu asidhani kwamba ardhi ilirudi kwa kila aliyeilima. Iliuzwa, na aliyenunua ni yule aliyekuwa na fedha.

Umri kama haki: mkataba wa rabassa morta

Ili kuelewa thamani ya umri wa mzabibu katika fikra za Wakatalani, lazima tutoke kidogo Priorat na kuangalia mkataba uliotawala mashamba mengi ya mizabibu ya Catalonia, hasa Penedès na sehemu za karibu na Barcelona. Mkataba huo uliitwa rabassa morta, yaani shina lililokufa.

Masharti yake yalikuwa hivi. Mwenye ardhi alikuwa na kipande cha pori au jabali lisilomfaa. Mkulima asiye na ardhi, aliyeitwa rabassaire, alikisafisha, akajenga kuta za mawe, akapanda mizabibu kwa gharama na jasho lake. Kila mwaka alimpa mwenye ardhi sehemu ya mavuno. Mkataba haukuhesabiwa kwa miaka wala kwa uhai wa mkulima. Ulihesabiwa kwa uhai wa mizabibu. Ulidumu mpaka theluthi mbili ya mizabibu iliyopandwa iwe imekufa. Siku hiyo ardhi ilimrudia mwenyewe.

Tazama matokeo yake. Kila mzabibu uliosimama ulikuwa kama sahihi kwenye hati. Mkulima aliyetunza shina kongwe alikuwa anatunza haki ya watoto wake. Wakulima walijifunza mbinu ya kulaza tawi la mzabibu ardhini na kulifunika udongo mpaka lichipue mizizi, ili mzabibu mpya utokane na ule wa zamani bila shamba kuhesabiwa kuwa limekufa. Kwa njia hiyo familia moja iliweza kukaa kwenye kipande kimoja vizazi kadhaa.

Wenye ardhi waliona kwamba mkataba walioudhania wa muda umekuwa wa milele. Walikwenda mahakamani, na katikati ya karne ya 18 mahakama kuu ya Catalonia ilianza kuuwekea mkataba huo ukomo wa miaka 50. Sheria ya Madai ya Hispania ya 1889 iliufuata msimamo huo katika kifungu cha 1656: mkataba utaisha baada ya miaka 50 kama wahusika hawakupanga muda mwingine, na pia utaisha iwapo mizabibu ya kwanza itakufa au theluthi mbili yake itaacha kuzaa. Hivyo, kisheria kabisa, kifo cha mmea kilikuwa kifo cha haki ya mtu.

Mdudu aliyevunja mikataba

Sheria hiyo ilipitishwa wakati mbaya kuliko wote kwa wakulima. Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo aina ya kidukari, aitwaye filoksera, alifika Ufaransa kutoka Amerika ya Kaskazini pamoja na miche ya mizabibu. Hushambulia mizizi. Mizabibu ya Marekani ilikuwa imezoeana naye, ile ya Ulaya haikuwa na kinga. Mnamo 1868 mtaalamu wa mimea Jules-Émile Planchon na wenzake walimtambua kwenye mizizi ya mizabibu kusini mwa Ufaransa.

Mwanzoni msiba wa Ufaransa ulikuwa neema ya Hispania. Wafaransa walikosa mvinyo, wakavuka mpaka kununua. Mkataba wa biashara wa 1882 kati ya nchi hizo mbili uliifungua njia zaidi. Catalonia ilipanda mizabibu hadi vileleni, na Priorat ilikuwa na maelfu ya hekta. Lakini filoksera alikuwa ameshaingia Catalonia mnamo 1879 kupitia Empordà, karibu na mpaka wa Ufaransa, na katika miaka ya 1890 aliangamiza mashamba ya Priorat. Wakati huohuo Ufaransa ilikuwa imeanza kusimama tena na kufunga soko lake.

Dawa iliyopatikana ilikuwa kubebesha: tawi la mzabibu wa Ulaya huunganishwa juu ya shina la mzabibu wa Marekani ambalo mizizi yake humvumilia mdudu. Dawa hii ilihitaji fedha na ujuzi. Pia ilileta swali la kisheria. Ikiwa mizabibu yote ya kwanza imekufa, je, mkataba nao umekufa? Wenye ardhi wengi walijibu ndiyo. Waliwaondoa wapangaji, au waliwapa mikataba mipya ya masharti magumu zaidi. Isitoshe, iliaminika kwamba mzabibu uliobebeshwa hauishi zaidi ya miaka 25 au 30, kwa hiyo hata mkataba mpya wa mtindo wa zamani ungekuwa mfupi.

Mgogoro huo uliingia katika siasa za karne ya 20. Mnamo 1922 uliundwa Unió de Rabassaires, umoja wa wakulima wapangaji, na miongoni mwa waanzilishi wake alikuwa mwanasheria Lluís Companys. Mnamo 1934, Companys akiwa rais wa serikali ya Catalonia, bunge la Catalonia lilipitisha sheria ya mikataba ya kilimo iliyowapa wapangaji usalama zaidi na njia ya kuinunua ardhi waliyoilima. Mwaka uleule mahakama ya katiba ya Hispania iliibatilisha, na mvutano huo ulichangia machafuko ya Oktoba 1934. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 hadi 1939, Companys alikamatwa Ufaransa, akarudishwa Hispania na kupigwa risasi Oktoba 1940. Ndoto ya wapangaji ilizimwa chini ya Franco.

Hapa kuna kejeli ya historia. Mizabibu mikongwe inayosifiwa leo Priorat ni ile iliyopandwa upya baada ya filoksera, ikabebeshwa juu ya mashina ya Kimarekani. Ni mizabibu ambayo haikutarajiwa kuishi zaidi ya miaka 30. Mingi kati yake imepita 80, na mingine imepita 100.

Miaka ya kusahauliwa

Kwa nini basi iliishi? Jibu la kwanza ni umaskini. Baada ya filoksera, wengi wa Priorat hawakupanda tena. Waliacha kuta za mawe zibomoke, wakateremka kwenda Reus na Barcelona kutafuta kazi viwandani. Wengine waligeukia lozi na hazeli, mazao ambayo Reus ilikuwa soko lake kubwa. Waliobaki na mizabibu walipanda Garnacha na Carinyena, kwa kuwa zilivumilia jua na mawe.

Waliobaki hawakuwa wakulima wazembe. Mwanzoni mwa karne ya 20 vijiji vingi vya kusini mwa Catalonia viliunda vyama vya ushirika. Msanifu majengo Cèsar Martinell, aliyekuwa mfuasi wa Antoni Gaudí, aliwachorea wanaushirika majengo ya kutengenezea mvinyo yenye matao marefu ya matofali. Mojawapo lilijengwa Falset mnamo 1919. Ushirika ulimwezesha mkulima mwenye kipande kidogo kuuza zabibu bila kumiliki mitambo.

Vita viliuvuruga mpango huo. Kuanzia Julai hadi Novemba 1938 mapigano ya mto Ebro yalipiganwa magharibi ya eneo hili. Baada ya vita, ushirika ulidumu lakini mvinyo wake uliuzwa kwa jumla, bila chupa wala jina. Garnacha ya Priorat ilikuwa nzito na yenye kileo kingi, na wafanyabiashara waliinunua ili kuutia nguvu mvinyo hafifu wa sehemu nyingine. Mnamo 1954 Priorat ilitambuliwa kama eneo rasmi la asili ya mvinyo, lakini utambulisho huo haukubadili maisha ya vijijini. Vijana waliendelea kuondoka. Kufikia miaka ya 1980, eneo lililokuwa na maelfu ya hekta lilibakiwa na chini ya hekta 1,000 za mizabibu.

Mwenye fedha angeng'oa na kupanda aina zenye soko. Trekta lingeweza kufanya hivyo kwenye tambarare. Lakini mzee aliyebaki peke yake na mteremko wa mawe hakuwa na fedha wala trekta. Aliendelea kupogoa alichokikuta. Mizabibu ikazeeka pamoja naye.

Umri kama hasara

Jibu la pili tunalipata tukitazama mahali ambapo mizabibu haikuachwa. Hispania ilijiunga na Jumuiya ya Ulaya mnamo 1986. Wakati huo Ulaya ilikuwa na mvinyo mwingi kuliko wanywaji, na kuanzia 1988 Jumuiya ililipa wakulima fidia ili waache kabisa kilimo cha mizabibu. Kwa hesabu ya ofisini, shamba la kwanza kung'olewa ni lile linalotoa mavuno kidogo kwa hekta, yaani shamba la zamani. Kwa mkulima mzee ambaye watoto wake walikuwa mjini, fidia hiyo ilikuwa kama kiinua mgongo. Kutokana na fidia hizo, na kwa sababu mashamba mengine yaligeuzwa kuwa ya Tempranillo na aina za Kifaransa, zaidi ya nusu ya eneo la Garnacha nchini Hispania lilitoweka katika miongo mitatu iliyofuata.

Jambo hilo halikuwa la Hispania peke yake. Garnacha ilikuwa imefika Australia katika karne ya 19, na kwa kuwa filoksera hakuwahi kuenea Australia Kusini, huko kuna mizabibu ya zaidi ya miaka 150 inayosimama juu ya mizizi yake yenyewe. Katikati ya miaka ya 1980, zabibu nyekundu zilipokosa bei, serikali iliwalipa wakulima wang'oe mizabibu. Katika bonde la Barossa mashamba mengi ya Garnacha na Shiraz yaliyopandwa na wahamiaji yalitoweka. Watengenezaji wachache, kama Peter Lehmann, Robert O'Callaghan na Charlie Melton, waliendelea kununua zabibu za mashamba ya zamani, na kwa kununua tu waliyaokoa.

Ulinganisho huu una funzo. Barossa na Hispania zilikuwa na historia tofauti kabisa za ardhi, lakini ndani ya miaka michache zilifikia uamuzi mmoja: cha zamani ni mzigo. Hakuna aliyeamua hivyo kwa chuki. Kipimo kilichotumika kilikuwa kilo kwa hekta, na kwa kipimo hicho mzabibu mkongwe hushindwa daima.

Umri kama bei

Mabadiliko ya Priorat yalikuja na watu wachache. Kiwanda kilichochukua jina la Scala Dei kilitoa mnamo 1974 mvinyo wake wa Cartoixa, ulioonyesha kwamba zabibu za hapo zinaweza kuingia kwenye chupa kwa jina lake. Kisha kundi dogo likajikusanya Gratallops: René Barbier, Carles Pastrana, Josep Lluís Pérez, Daphne Glorian na Álvaro Palacios, kijana kutoka familia ya watengenezaji mvinyo wa Rioja. Mvinyo wao wa mavuno ya 1989 waliutengeneza pamoja, kisha kila mmoja akauuza kwa jina lake.

Wengi wao hawakuwa wenyeji, na mwanzoni imani yao kwa Garnacha haikuwa kamili. Walipanda pia Cabernet Sauvignon, Syrah na Merlot, na walitumia mapipa madogo mapya ya mwaloni. Palacios alipolipata shamba la L'Ermita, lenye Garnacha kongwe kwenye mteremko unaotazama kaskazini mashariki, alitoa mvinyo wake wa kwanza wa shamba hilo mwaka 1993. Wakosoaji wa kimataifa waliusifu, bei ikapanda, na mashamba ambayo hakuna aliyeyataka yakaanza kutafutwa. Mnamo 2000 serikali ya Catalonia iliipa Priorat daraja la juu kabisa la asili ya mvinyo, na serikali kuu ikalithibitisha mnamo 2009. Hadi leo ni Rioja na Priorat pekee zilizo na daraja hilo nchini Hispania.

Umaridadi nao una historia yake. Katika miaka ya 1990 soko lilipenda mvinyo mweusi, mzito, wenye harufu ya mwaloni, na Priorat iliupeleka huko. Baadaye, kizazi kipya kilibadili kazi. Walivuna mapema kidogo ili uchachu usipotee, wakapunguza kukamua, wakaachana na mapipa mapya na kutumia matangi ya zege au vyombo vikubwa vya zamani. Katika milima ya Gredos, magharibi ya Madrid, Daniel Landi na Fernando García walifanya kazi kama hiyo kwa Garnacha kongwe za kwenye mawe ya matale, na mvinyo wao ukawa na rangi ya kupenyeza mwanga. Garnacha iliyodharauliwa kwa kukosa rangi ilisifiwa kwa kukosa rangi. Zabibu haikubadilika; kilichobadilika ni jicho la mtazamaji.

Hatimaye taasisi zilifuata. Barossa iliweka mnamo 2009 madaraja ya umri: miaka 35, 70, 100 na 125. Mnamo 2024 Shirika la Kimataifa la Mzabibu na Mvinyo lilikubaliana kwamba mzabibu mkongwe ni ule wenye angalau miaka 35 iliyothibitishwa. Sheria ya 1889 ilihesabu kifo cha mzabibu ili kumaliza haki ya mkulima. Kanuni ya 2024 inahesabu uhai wake ili kuupa jina sokoni.

Je, umri unatosha?

Mtu anaweza kupinga kwamba ninaukuza umri kupita kiasi, kwa kuwa mzabibu mkongwe hautoi mvinyo mzuri kwa sababu tu ni mkongwe. Pingamizi hili lina uzito. Mizabibu tunayoiona leo ni ile iliyopona. Iliyokuwa tambarare iling'olewa kwa sababu ilikuwa rahisi kung'oa. Iliyosalia ilikuwa kwenye miteremko, mawe na baridi ya vilima, yaani mahali ambapo Garnacha hufanya vizuri hata ikiwa na umri mdogo zaidi. Kwa hiyo sehemu ya sifa tunayoupa umri huenda ni sifa ya mahali.

Lakini pingamizi hili linaimarisha hoja kuu badala ya kuivunja. Kama umri na mahali vimeshikamana, ni kwa sababu historia ya watu ndiyo iliyovishikamanisha. Maskini walisukumwa kwenye jabali, wakapanda pale kile kinachovumilia jabali, na hawakuwa na uwezo wa kukiondoa.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba mizabibu mikongwe ya Priorat haikuhifadhiwa na mpango wowote. Watawa waliianzisha mila, mikataba ikaupa umri uzito wa sheria, mdudu akavunja mikataba, umaskini na uhamaji vikaacha mabaki milimani, sera za fidia zikafuta mengi ya mengine, na soko likafika mwishoni na kuyaita mabaki hayo hazina.

Swali la nani alilipia na nani anavuna halina jibu la upande mmoja. Priorat leo ina zaidi ya viwanda 100 vya mvinyo. Vijiji vilivyokuwa vinakufa vina kazi, na baadhi ya familia za zamani zinauza zabibu kwa bei ambayo babu zao wasingeiamini. Wageni wa 1989 walihatarisha fedha na ujana wao mahali ambapo wengine walikuwa wanapakimbia. Hata hivyo, lebo hutaja shamba, mtengenezaji na umri. Haimtaji aliyejenga ukuta wa mawe kwa mikono, aliyeondoka kwenda kiwandani Barcelona, wala mzee aliyekataa fidia au aliyeikosa. Umri unaouzwa ndani ya chupa ni miaka ya kazi ya watu hao.

Kwa sisi tunaosoma historia, mzabibu mkongwe ni waraka. Kama nyaraka nyingine, umetufikia kwa kuwa haukuchomwa, na si kwa kuwa kila mtu aliuthamini. Anayeusoma vizuri hataishia kwenye ladha. Atauliza ardhi ilikuwa ya nani, mkataba ulisemaje, na ni nani aliyekuwa na uwezo wa kuung'oa lakini hakuung'oa.